Neno la Kufungulia Nira

Jina la baba mkwe wangu silitamki. Kwetu Watugen, mke wa kijana hamtaji baba wa mumewe, hakai naye karibu, wala hamkazii macho akiongea. Lakini karatasi si mdomo, kwa hiyo nitaliandika hapa mara moja: Kemboi. Baada ya hapa nitamwita Mzee, kama wanavyomwita watu wote wa laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, katika shamba hili la mzungu, huku juu ya Subukia.

Mzee alikuwa mtu wa ng'ombe wa plau. Kazi hiyo ina watu watatu. Mmoja hutangulia na kamba, akiwavuta ng'ombe wa kwanza ili mfuo usipinde. Mwingine hushika mikono ya plau, nyuma kabisa. Wa tatu hutembea kandokando na mjeledi, na huyo ndiye mwenye sauti. Akisema twende wanaenda, akisema simama wanasimama, ng'ombe na watu pamoja. Mzee ndiye aliyekuwa na mjeledi. Ng'ombe wake aliwapa majina ya mahali alipopita akiwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza: Kolombo, Bombei, Rangoni, na mengine ambayo sisi tuliyatamka tu bila kujua ni mji au ni mto.

Jioni ndiyo ilikuwa saa ya kumwona. Jua likishaegemea ukingo wa bonde, aliinua mkono na ng'ombe wakasimama, vichwa chini, mbavu zikipanda na kushuka. Alichomoa vijiti vya nira, wawili wawili. Kila nira ilipoanguka, alimpiga ng'ombe shingoni kwa bapa la mkono, pale manyoya yalipolowa jasho, na kusema, "Gokuro." Kolombo, gokuro. Bombei, gokuro. Sauti yake ilikuwa ya chini na nzito, si ya kubembeleza. Ng'ombe akishaambiwa hivyo alijua siku imekwisha, akaondoka mwenyewe kwenda majini.

Ni neno la Kijapani. Alirudi nalo kutoka vita vya Burma, walikopigana na Wajapani, pamoja na koti ambalo sasa limebaki kola na mifuko. Watoto wa laini walilizoea hata wakalichezea: mmoja anakuwa ng'ombe, mwingine anamfungua, "Gokuro!" na yule ng'ombe anakimbia kwao kutafuta ugali. Jirani yangu Nasimiyu, aliyekuja hapa kutoka upande wa Bungoma na ulimi wake wote, alimtania Mzee karibu kila jioni.

"Mzee, siku hao ng'ombe watakapokujibu Kijapani, mimi nitafika Nakuru kwa miguu bila kugeuka!"

"Wakijibu nitakuambia wamesema nini juu yako," Mzee alimrudishia.

Ukimwuliza maana, alisema, "Ni kusema: umenifanyia kazi, nimeiona, sasa pumzika." Siku moja Nasimiyu akamwambia, basi hiyo si ni pole tu, pole na kazi, mbona uende kuitafuta hadi Burma? Mzee akatikisa kichwa. "Pole iko na huruma ndani. Hii hapana huruma. Hii ni haki ya mtu."

Nililipenda jibu lile. Sikuwa nimewaza bado kwamba tangu niolewe sijamsikia hata siku moja akimwambia neno hilo mke wake.

Mke wake ni Cheptanui. Mimi humwita Kogo, yaani nyanya, tangu nilipomzaa Chelangat wangu, mtoto wa jioni, aliyezaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani. Kogo ni mwembamba, hasemi sana, na vidole vyake vimeingia rangi ya maua ya pareto isiyotoka kwa sabuni. Kwenye kisigino cha kushoto ana kovu pana, lililong'aa kama ngozi ya ngoma. Nilipokuwa bibi arusi nilidhani ni moto. Si moto. Ni ng'ombe wa plau wa siku za vita, aliyevuta mahali anapovuta Kolombo wa sasa, aliyemkanyaga.

Mzee alipokwenda vitani, shamba halikutaka kujua habari za vita. Nyumba iliyokaa kwenye laini bila mtu wa kazi ilitolewa. Pareto ilikuwa bado haijapandwa huku, na kazi iliyobaki ilikuwa ile ya plau, kwa sababu wanaume walikuwa wamepungua. Kwa hiyo Kogo akashika kamba ya mbele. Miaka yote ile alitembea mbele ya ng'ombe, miguu mitupu, pumzi zao mgongoni, akitukanwa na mwendesha mjeledi wa siku hizo kila mfuo ulipopinda. Na mgongoni pia alikuwa na mtoto, msichana aliyezaliwa baba yake akiwa amekwisha panda meli. Yule msichana alikufa kwa kifua kabla ya kujifunza kutembea. Mzee hakumwona.

Haya Kogo alinisimulia vipande vipande, tukichuma pareto, kama mtu anayetoa miiba. Kipande cha mwisho ni hiki: siku Mzee aliporudi, na koti lake na sanduku lake la bati, alisimama mlangoni, akasalimia, kisha akauliza, "Ng'ombe wako namna gani?"

"Nikamwambia ni wazima," Kogo alisema. "Kesho yake akachukua mjeledi. Mimi nikarudi jikoni. Basi."

Mwaka wa hamsini na saba trekta likaja. Lilikuwa jekundu, likipanda barabara ya shamba kwa kelele, na watoto wote nyuma yake. Kipsang, kijana aliyekuwa akishika kamba ya Mzee, siku ile ile alikwenda kuomba afundishwe kuliendesha, na tangu hapo hakutaka hata kuonekana karibu na nira. Micah, nyapara wetu, akamwita Mzee pembeni akamweleza alivyoambiwa na Bwana mwenye shamba: mvua zikishika vizuri, ng'ombe watauzwa, na wenye kazi ya ng'ombe watakuwa hawana kazi. Mzee atarudi kwao Ravine.

Mzee alikuja nyumbani moja kwa moja. Sisi tulikuwa uani tunapepeta mahindi. Hakukaa chini. Alimwambia Kogo, "Tunahama. Lori litatupeleka Ravine mvua ikishika," akaingia ndani.

Kogo aliendelea kupepeta mpaka yakaisha. Halafu akaingia nyumba ya mume wake, akatoka na sufuria yake nyeusi, kibuyu chake cha maziwa na kigoda chake cha miguu mitatu. Akavuka ua, akaja jikoni kwangu, akavipanga kando ya meko.

"Nipishe hapo, mama," aliniambia. "Nimechoka."

"Umechoka leo, Kogo?"

"Leo nimejua tu." Akakaa kwenye kigoda chake. "Ravine aende na plau yake. Mimi nitabaki na huyu mtoto. Wewe una kazi yako ya pareto, nyumba hawatakuondolea. Nitakulelea."

 Mume wangu, Kipkorir, alikuwa Nakuru katika ghala la mahindi na alikuja mwisho wa juma tu, kwa hiyo mkono wa kunisaidia na mtoto niliuhitaji kama maji. Tangu akina Wachuka na majirani wengine Wakikuyu walipopakiwa na serikali kwenye malori wakati wa Emajensi, nusu ya laini zilibaki tupu, milango ikipigwapigwa na upepo, na pareto waliyokuwa wakichuma wao ikawa juu yetu sisi tuliobaki. Jioni nilikuwa nikilala nimeshika kijiko. Lakini mzee kurudi peke yake mahali alipotoka kijana, kwenye nyumba isiyokuwa na moto, hilo nalo nililiona. Mwanamume wa umri ule bila mke Ravine angekuwa mgeni wa kila mtu.

Siku zile za kwanza Mzee alifanya kama hajaona. Chakula chake nilipika mimi, nikikiweka kwenye jiwe la mlangoni kwake na kuondoka kabla hajatoka. Kisha jioni moja, baada ya kuwafungua ng'ombe, nilisikia hatua zake zikivuka ua kuja upande wetu. Jikoni kwangu hawezi kuingia, si desturi. Alisimama nje, karibu na ukuta, pale udongo ulipobanduka na fito zinaonekana. Kogo alikuwa ndani anakoroga uji.

Mzee alikohoa. Nilisikia anavuta pumzi.

"Gokuro," alisema.

Mwiko ukasimama. Hata Chelangat aliacha kunyonya, akatazama ukuta.

"Unasema na nani?" Kogo aliuliza.

"Na wewe."

"Hapana. Hapa hakuna Kolombo. Hakuna Bombei." Alikuwa hajapaza sauti, na ndiyo maana ilinitia baridi. "Kila jioni nakusikia. Unawapiga shingo, unawaambia. Leo umekumbuka kuna mwingine hajafunguliwa. Njoo basi unipige shingo, niende majini."

"Mama Kipkorir, mimi..."

"Mimi nilikuwa mbele ya hao ng'ombe! Usiniweke kati yao!"

Hatua zikarudi zilikotoka. Asubuhi laini yote ilikuwa na habari, kwa kuwa Nasimiyu alikuwa anapita na kuni. "Ai! Hata mimi ningekasirika," aliniambia, akicheka na huku akitikisa kichwa. "Mume wangu huniita kwa mluzi kama mbwa, lakini angalau si Kijapani."

 Kogo alikuwa na uchovu ambao usingizi hauondoi. Alichuma pareto, akapika, akamwosha mtoto, lakini alifanya kama mtu anayebeba vitu vya wengine. Na Mzee akaanza kuwafungua ng'ombe bila kusema kitu. Walikuwa wanasimama pale wamefunguliwa na hawaondoki, wanangoja.

Sasa nieleze njia ambayo mkwe anaweza kuongea na mkwe bila kuvunja heshima. Anaongea na mtoto. Jumapili, tulipotoka kanisani, nilikuwa nimekaa chini ya ukuta na Chelangat mapajani nikimtoa mbegu za nyasi kwenye nywele. Mzee alikuwa mbali kidogo, mgongo wake upande wetu, akipaka mafuta kamba za ngozi za nira.

"Chelangat," alisema, bila kugeuka, "wewe unajua babu yako ni mjinga?"

Chelangat alikuwa anakula udongo. Nilimtoa kidole mdomoni nikamjibia, "Sijui, babu."

"Basi sikia. Vita vilipokwisha, meli za kuturudisha zilikuwa hazijafika. Tukapewa mateka Wajapani tuwalinde. Kazi yao ilikuwa kupasua magogo na kutengeneza barabara. Walikuwa na mkubwa wao, mwenye miwani. Yeye hakushika shoka. Jioni alisimama mbele yao akasema, 'Gokuro!' na wote wakainama. Nikalipenda lile neno. Fupi, lina uzito. Mimi pia nikaanza kuwaambia. Nina bunduki begani, nawaambia gokuro, wanainama. Nilijiona jenerali."

Akavuta kamba aone kama imelainika.

"Kulikuwa na mmoja, mzee kuliko wenzake, mkulima wa milimani. Siku moja mvua ilinyesha mpaka barabara ikawa uji. Lori letu likazama. Kama halitoki tunalala njiani sisi wote, askari na mateka. Nikaweka bunduki ndani ya lori, nikasukuma. Huyu mzee alikuwa bega kwa bega na mimi. Tulisukuma tangu saa za chai hadi jua linashuka. Lilipotoka tulikuwa matope mpaka kwenye meno. Nikachukua bunduki yangu, nikasema kama kawaida, 'Gokuro.' Wote wakainama. Huyu hakuinama. Akatikisa kichwa, akaninyooshea mkono hivi, kutoka juu kwenda chini: 'Gokuro.' Yaani hilo ni la mtu aliye juu akimwambia wa chini, aliyefanyiwa kazi akimwambia aliyeifanya. Halafu akaweka mkono kwenye kifua chake, akauleta kwangu, akaurudisha kwake, akauleta tena. Akasema, 'Otsukare.' Akanyamaza, ananitazama."

"Alitaka nini, babu?" niliuliza kwa sauti ya Chelangat.

"Alikuwa anangoja. Kiingereza chake kilikuwa cha vipande na changu pia, lakini mkono ule niliuelewa. Kwao watu wakirudi jioni kutoka shambani wanaambiana hilo neno njiani. Huyu anasema, na mwingine anajibu kwa neno lile lile. Si kushukuru. Si kuhurumiana. Ni kusema, tumechoka, mimi na wewe, na tumefika."

"Ukamjibu?"

Kamba ilikaa mkononi mwake. "Nilikuwa na bunduki," alisema. "Wenzangu wananitazama. Nikacheka. Nikamwambia, panda lori."

Nilitaka kunyamaza, lakini mtoto mdogo haogopi, na mimi nilikuwa nasema kwa mdomo wake. "Na hilo neno la pili, babu, mbona hukulileta nyumbani?"

 "La kwanza halihitaji kujibiwa," alisema. "Na ng'ombe hawajibu." Akakusanya kamba zake akaenda.

Kesho yake nilimweleza Kogo yote, tukiwa mstarini kwenye pareto, vikapu viunoni, umande ukitulowesha mpaka magotini. Nilimfanyia hata ule mkono wa kifuani. Nikamwambia nilivyowaza mimi: sisi tuna pole, na pole ni nzuri, lakini ukiambiwa pole unajibu asante, na hapo mmoja ametoa na mwingine amepokea. Hili la Mjapani linajibiwa kwa lenyewe. Hakuna wa kushukuru.

Kogo alichuma mpaka mwisho wa shina. "Na alimjibu?"

"Nani, Kogo?"

"Mzee wenu. Alimjibu yule mfungwa?"

"Hakumjibu."

"Basi." Akasogea shina lingine. Tulipokaribia mwisho wa mstari akasema, kama anayeuliza bei ya chumvi, "Linatamkwaje hilo?"

Nikamtamkia. Alilirudia mara moja tu, polepole, na hakulitaja tena.

Mvua ikashika. Trekta lililima bonde lote chini, lakini kilibaki kipande cha mteremko juu ya kijito, mahali ambapo Kipsang mwenyewe aliogopa kubingirika nalo. Micah akaja kwa Mzee. "Malizeni kile kipande nyinyi na ng'ombe wenu. Ijumaa kiwe kimekwisha. Jumamosi ng'ombe wanaondoka, na lori lako la Ravine ni siku hiyo hiyo."

Mwenye kushika plau alikuwapo. Mtu wa kamba hakuwapo. Vijana wote walikuwa wanazunguka trekta.

Alhamisi jioni Mzee akasimama tena nje ya ukuta wa jiko langu. Safari hii hakumsemesha Kogo.

"Chelangat," alisema. "Mwambie Kogo wako kesho ni kazi ya mwisho na sina mtu wa kamba."

Kogo alikuwa anamfunga mtoto nepi. "Chelangat," alisema naye, "mwambie babu yako mbele sirudi. Mguu wangu ulikwisha kaa mbele."

Mtoto alipiga mateke. 

"Mwambie," Mzee alisema, "mbele nitashika mimi. Yeye ashike mjeledi."

Kogo aliinua kichwa. Sijawahi kusikia mwanamke ameshika mjeledi wa plau, wala mwenye mjeledi kurudi kwenye kamba. Kamba ni ya vijana na ya watu wasio na mtu. Alitazama ukuta kama unaonekana upande wa pili.  Asubuhi, alipojifunga shuka kiunoni na kutoka, hakuchukua kikapu cha pareto.

Habari ya namna hiyo haifichiki. Kila aliyepata nafasi alipita juu ya kijito siku ile. Mimi nilikwenda mchana na uji, mtoto mgongoni, nikakaa. Mzee alikuwa mbele, amepinda, kamba begani, akiteleza katika udongo mweusi. Ng'ombe walimsumbua. Walikuwa wamezoea sauti yake kando, sasa wanaona mgongo wake mbele, wakawa wanamsukuma kwa pua. Kogo hakupiga ng'ombe hata mara moja. Alikuwa na sauti ambayo sikuwa nikiijua, kali na fupi, akisema "kaza" na "geuka" na "ngoja," na zaidi ya mara moja nilimsikia akisema, "Mfuo unapinda, wewe wa mbele!" Nasimiyu alikaa chini kwa kicheko.

Walipogeuka pale juu, penye mawe, Kolombo akaruka mbele na kumkanyaga Mzee mguuni. Mzee aliguna, akashika goti. Kogo akasimamisha ng'ombe. Hakuenda kwake, wala hakusema pole. Alingoja mpaka akanyoosha mgongo, ndipo akasema, "Twende," sasa bila ukali.

Jua lilipoegemea ukingo wa bonde, mfuo wa mwisho ulifika kijitoni. Kogo aliinua mkono. Ng'ombe wakasimama.

Alianza kufungua nyuma, akaja mbele, wawili wawili, nira zikianguka. Hakusema chochote kwao. Watu waliokuwa ukingoni wakanyamaza, wakingoja, maana kila mtu alijua hapo huwa pana neno, na mwenye mjeledi ndiye hulisema. Mzee alikuwa amesimama pale mbele na kamba yake, matope hadi mapajani, mguu mmoja hakuukanyagia sawasawa.

"Kogo!" Nasimiyu alipiga kelele. "Mjeledi ni wako leo! Mwambie gokuro!"

Watu wakacheka. Hata Micah. Mzee hakucheka. Aliinamisha kichwa kidogo, kama walivyoinamisha wale mateka, nadhani, akingoja kuambiwa. Alikuwa tayari kulipokea.

Kogo alifungua nira ya mwisho, akazunguka Bombei, akaja akasimama mbele ya mume wake. Mjeledi aliuweka chini kwenye nyasi.

"Otsukare," alisema.

Alilisema polepole, kama nilivyomtamkia mstarini. Kisha hakusema zaidi. Alingoja.

Mzee aliinua uso. Nilimwona akimtazama Kogo, akatazama pale nilipokaa na mtoto, akarudi kwa Kogo.  Kijito kilikuwa kinapita. Nilijua, na Kogo alijua, kwamba mara moja huko mbali aliwahi kungojewa hivi hivi akacheka.

"Otsukare," alisema. Akalirudia. "Otsukare, Mama Kipkorir."

"Hilo nalo ni lipi?" Nasimiyu aliuliza. 

Ng'ombe walikuwa bado wamesimama. Mzee alichechemea hadi kwao akawapiga shingo mmoja mmoja. "Gokuro," aliwaambia, kwa mara ya mwisho, nao wakashuka majini.

Giza lilikuwa bado halijaingia Kogo alipokuja jikoni kwangu. Aliinua sufuria yake, akaipangusa chini kwa kanga, akatia kibuyu chini ya kwapa.

"Kogo, unakwenda?"

"Nakwenda." Alikaa kidogo kwenye kigoda kabla ya kukichukua, miguu imenyooshwa, macho yamefungwa. Alikuwa mchovu mpaka ngozi ya uso ilikuwa imeshuka. "Hata neno lake mwenyewe, mama, imebidi nilianze mimi."

"Lakini alijibu."

"Alijibu," alisema. Akafungua macho. "Nishikie mtoto nimbusu. Halafu Chelangat amwambie huyo mzee aje achukue kigoda hiki. Mikono yangu imejaa."

Mzee alikuja hadi ukutani akakipokea kupitia mlangoni, bila kunitazama, na wakavuka ua pamoja.

Asubuhi ng'ombe walipelekwa kwa barabara ya chini. Lori la Ravine lilipakia baadaye. Dereva alifungua mlango wa mbele akamwambia Mzee apande. Mzee akatikisa kichwa, akamwonyesha Kogo. Yeye alipanda nyuma, kati ya magunia na kuku, mguu wake umefungwa kitambaa, mkono mmoja ameshika ubao. Kogo alikaa mbele, sufuria mapajani, akitazama njia. Lori lilipoanza kuteremka nilimsikia akimwambia dereva aende polepole kwenye mashimo, huko nyuma kuna mtu.